Bawa la Kushoto la Sylvance Ondiek

Mwaka umezunguka, Baba Akech. Leo ni mwaka mmoja kamili tangu Ijumaa ile uliponiacha, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wangu, chai yangu ya hospitali ikipoa dirishani bila mtu wa kuinywa.

Nahashon alitaka tangazo fupi la gazetini. Si unamjua mwanao. Aliniletea maneno aliyoyatoa kwenye kompyuta: pengo lisilozibika, sijui nyota iliyozimika mapema. Mapema! Mtu wa miaka sitini na tisa! Nikamwambia, maneno haya yameshavaliwa na maiti wengi kabla ya baba yako, kama koti la kuazima la kupigia picha. Hii nitaisema mwenyewe, wewe kazi yako ni kuchapa. Basi yuko hapa kando yangu anachapa na kuguna, na mara mbili ameshaniuliza, "Mama, hata hii tuweke gazetini?" Tunaweka yote.

Ulifanya kazi ya fundi wa reli miaka thelathini na moja. Uliingia ukiwa kijana wa kutoka Ugenya mwenye viatu vya kuazima, ukatoka ukiwa na mvi na vidole viwili visivyokunjika sawasawa. Wenzako walipostaafu walirudi nyumbani kufuga kuku. Wewe ulibaki hapa Kaloleni, ukanunua mabomba ya alumini, ukayapanga nyuma ya nyumba chini ya mabati, halafu ukaniita nje nikiwa na unga mikononi.

"Mama Akech, nimechoka na vyuma vinavyotambaa," ukasema. "Nataka kimoja kinachoinuka."

Nilidhani ni mambo ya kustaafu. Wanaume wengine hupata presha, wengine hupata wanawake. Wewe ulipata ndege. Nikarudi jikoni kusonga ugali.

Kumbe ulikuwa na michoro. Kumbe ulikuwa umeshamtafuta Luseno, yule aliyekuwa fundi wa ndege jeshini na sasa anafundisha watu kurusha ndege ndogo kwenye kiwanja cha vumbi huko nyuma ya Athi River. Ndege ya kiti kimoja, nyepesi, ya mabomba na kitambaa, injini yake si kubwa kuliko ya pikipiki kubwa. Miaka sita uliijenga. Vijana wa mtaa walikuwa wakipita wakikuita, "Niaje mzee, ndege yetu inatoka lini?" Na wewe bila kuinua kichwa, "Ndege si mandazi, kijana." Jibu lilikuwa hilo hilo kila siku, nao walirudi kuuliza ili walisikie.

Uzito ndio uliokutia wazimu. Ulisema ndege nyepesi haisamehi gramu. Kila bolti, kila nati, kila kipande cha waya, ulikipeleka pale kwenye kona kwa Teresiah anayeuza viazi, ukakiweka kwenye mizani yake ya kupimia magunia na ile ndogo ya kupimia rejareja, ukaandika. Teresiah alikuwa akishika kiuno. "Mzee Ondiek, leo unanunua viazi ama unapima misumari?" Ukimaliza unanunua viazi, hata kama jana ulinunua. Tulikula viazi miaka sita, jameni. Hata chai uliacha kuitia sukari, ili mwili usizidi kilo sitini na nane ulizoziandika kwenye mchoro. "Mimi pia ni kipuri," ulisema.

Na bolti zilikufuata mpaka kanisani. Jumapili moja sahani ya sadaka ilipopita ulitumbukiza mkono mfukoni ukatoa ulichotoa, macho yako yakiwa mbali huko unakokujua. Juma lililofuata mzee wa kanisa alikuja mlangoni na bahasha. Ndani mlikuwa na bolti moja na kikaratasi: Bwana ameona moyo wako, lakini hii tunafikiri unaihitaji. Ulicheka, ukamkaribisha ndani, na ukamtengenezea jiko lake lililokuwa halishiki moto.

Ndivyo ulivyokuwa. Hakuna nyumba katika mstari wetu ambayo mkono wako haukuigusa: bomba la huyu, bawaba ya yule, kiti cha magurudumu cha mtoto wa Kathini ulichokikaza mara tatu na ukakataa hata soda. Na kila Jumamosi asubuhi, kabla hujaenda kwenye ndege yako, ulikuja kwanza kwenye cherehani yangu. Unaondoa kifuniko, unapuliza vumbi la uzi, unadondosha mafuta kwa kile kikopo chako chenye mdomo mrefu, tone hapa, tone pale. Unazungusha gurudumu kwa kidole na kusikiliza. Mimi nimeshona sare za shule kwa miaka arobaini, na cherehani haikuwahi kunikwamisha hata siku moja. Sikuwahi kukuambia asante kwa hilo. Nilidhani cherehani hazikwami, basi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Nahashon ameacha kuchapa ananitazama. Chapa, baba.

Ndege yako ilihitaji nguo. Kitambaa kilitoka ng'ambo, cheupe, kigumu, chepesi mno kwa ugumu wake, kipimo cha mabawa mawili tu. Kikikatwa vibaya hakuna kingine. Kazi ni kushona kila bawa nguo yake, livalishwe kama foronya inavyovalishwa mto, likaze pasiwe na mkunjo. Wewe hukumtafuta mtu mwingine. Uliniwekea mezani ukasema, "Fundi ni mmoja tu nchi hii." Haya, nikavimba kichwa.

Bawa la kulia nililishona nikiimba. Tulikwenda kulivalisha katika ukumbi wa Kaloleni Jumanne moja, maana nyumbani hapakutosha. Akina mama wa kwaya walikuwa wakifanya mazoezi, wakawa wanainua sketi zao kuruka mabomba yako huku sauti ya pili ikipotea. Ukalivalisha bawa. Nguo ikapwaya. Pwaya kabisa, kitambaa kinaning'inia kama suruali ya mgonjwa. Ukapima, ukapima tena, halafu ukaniangalia.

"Mama Akech, umeacha nini hapa?"

"Inchi mbili."

"Za nini?"

Ikanitoka tu kinywani: "Za kukua."

Miaka arobaini, Baba Akech! Mtoto wa darasa la kwanza unamshonea kaptula ya darasa la tatu, la sivyo mamake anakurudishia na matusi juu. Mkono haukujua kushona bila kuacha nafasi. Ulikaa chini pale sakafuni ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Bawa halikui, mama! Limeshafika chuo kikuu!" Kwaya nzima iliacha wimbo. Nami nilicheka, ingawa niliona haya. Nikafumua, nikakata ule ukanda wa ziada, nikashona upya, na mara ya pili bawa lilikaa ukilipiga kwa kidole linalia kama ngoma. Ule ukanda niliutia kwenye kikapu cha vipande, maana mimi situpi kitambaa.

Likabaki la kushoto.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka juzi. Uliingia jikoni na Luseno nyuma yako, mmejaa vumbi, ukaniambia umepita mtihani wa kurusha, na mkaguzi ameangalia injini na mkia na ameridhika. Limebaki bawa moja tu. Ulikuwa unatembea kama mvulana aliyeitwa timu ya shule. Na mimi ndipo nilipoogopa. Mpaka siku hiyo ndege ilikuwa kitu cha nyuma ya nyumba, kitu cha kukusumbua wewe na Teresiah. Siku hiyo ilikuwa kitu kitakachokuchukua juu na kukuachia. Nilikuona umelala kwenye majani ya Athi, na mshono wangu umefunguka.

Nikasema sindano ya kitambaa kizito imevunjika.

Haikuwa imevunjika. Niseme hapa mbele ya watu wote, mbele ya wakwe na kanisa na jirani: haikuwa imevunjika. Kitambaa cha bawa la kushoto nilikikunja nikakiweka chini ya sanduku la majoho ya kwaya. Ndege yenye bawa moja haiendi popote, na mwenye ndege hiyo anakula ugali nyumbani kwake. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga. Ulipouliza mara ya kwanza nikasema sindano imeagizwa. Baadaye nikasema macho yananiuma. Ikafika Januari, nikasema shule zinafunguliwa, nina sare mia. Miezi kumi na moja. Na wewe, mtu wa kuuliza bolti moja maswali kumi, hukunisukuma. Ulisema tu, "Sawa, mama," ukaenda kupangusa bawa la kulia.

Halafu tumbo likaanza. Ulianza kwa kusema ni viazi. Ukapungua ukawa kilo sitini na nne kwenye mizani ya Teresiah, ukawa sitini, ukawa hamsini na sita, na Teresiah akaacha kukutania. Daktari alipotuambia, wewe ndiye uliyenishika bega mimi. Wanaokumbuka uso wako siku zile wanajua kwamba hukumlaumu mtu wala Mungu.

Siku nne kabla hujaondoka, pale wodini, ulikuwa umefumba macho nikadhani umelala. Ukatabasamu. Ukauliza, "Mama Akech, ile sindano imepona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema tu ndiyo, imepona, nakushonea wiki hii. Ungelala vizuri. Lakini nilikuwa nimeuzoea ule uongo mpaka ukajisemea wenyewe. Nikasema, "Bado."

Ukasema, "Sawa, mama."

Hilo neno bado, Baba Akech, limekaa nami mwaka mzima. Nalipata kwenye uji asubuhi. Nalipata kanisani katikati ya sala. Watu wanakuja kunipa pole kwa kufiwa na mume mwema, nami ndani najisemea, hamjui, hamjui nilichomnyima.

Tulikulaza Ugenya kando ya baba yako. Tuliporudi, hata masufuria niliyoazima sijarudisha, Akech akakaa na mimi mezani. Akech wetu, uliyempa jina hilo kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa, na hadi leo hanenepi hata umpe nini. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima, ana watoto wawili. Akasema, "Mama, nataka kumaliza ndege ya Baba."

"Nani atairusha? Luseno?"

"Luseno ataijaribu kwanza. Kisha mimi."

Kumbe! Kumbe zile Jumapili mlizokuwa mkiniaga ati mnakwenda kumwona mgonjwa Athi River! Nilikuwa nawapa hata machungwa mmpelekee! Mgonjwa gani haponi miaka miwili! Machungwa yangu aliyala Luseno. Mlikuwa mnajifunza wote wawili, baba na binti, na leseni yake Akech aliipata miezi mitano baada yako. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka Kathini akaja kugonga mlango. Nikasema nimeshazika mmoja, sijapanga kuzika wa pili, na yeyote anayetaka bawa la kushoto atalitoa chini ya mwili wangu.

Akech hakupandisha sauti. Amerithi kwako. Akasema, "Sawa, Mama. Usipotaka kushona nitalipeleka soko la Gikomba, kwa fundi wa viti vya magari."

Fundi wa viti! Nikabeba masufuria kuyarudisha. Miezi minne hatukuzungumzia jambo hilo. Alikuja, akanisalimu, akaniletea mboga, akaondoka. Nahashon alisema tuiuze ndege kwa mtu yeyote anayetaka mabomba, sebule ipumue, maana sehemu zake nyingine ulikuwa umezihifadhi nyuma ya kochi. Hilo sikulijibu.

Ni cherehani iliyolijibu. Ilianza kulia mwezi wa saba. Mlio mdogo kwanza, halafu ikawa inakwama kwenye pindo, halafu ikakata uzi mara tatu katika sare moja. Nikaketi nikaitazama. Ilikuwa Jumamosi. Ndipo nilipojua kwamba cherehani hukwama, na kwamba kwa miaka arobaini kulikuwa na mtu. Nililia pale juu ya kaptula ya mtoto wa watu.

Nilipopata nguvu nikaenda kwenye sanduku lako la vifaa kutafuta kikopo cha mafuta. Chini yake palikuwa na daftari lako jeusi, la aina ile mliyokuwa mkipewa kazini. Nilijua unaandika uzito humo. Sikujua unaandika mengine. Kila Jumamosi ulikuwa umeandika ukaguzi, vile vile mlivyokuwa mkikagua injini za reli, kila kitu kwenye mstari wake. Injini: safi. Mkia: safi. Bawa la kulia: safi. Na chini yake, kwa mwandiko ule ule, cherehani yangu, imo kwenye hesabu ya ndege kama kipuri kingine.

"Cherehani: imetiwa mafuta. Sindano ya kitambaa kizito: nzima. Bawa la kushoto: liko kwa fundi. Fundi hayuko tayari."

Nikafungua ukurasa wa pili. Jumamosi iliyofuata, maneno hayo hayo. Na iliyofuata. Nilihesabu Jumamosi arobaini na tano. Jumamosi zote arobaini na tano ulishika ile sindano kwa vidole vyako ukaiona ni nzima, ukaiacha ilipokuwa, ukaja mezani kunywa chai na mimi. Ukurasa wa mwisho, mwandiko umeshaanza kutetemeka, uliongeza neno moja tu: "Asiharakishwe."

Ulijua. Ee Baba Akech, ulijua siku zote.

Jumatatu yake nilimpigia Akech simu. Nikamwambia, huyo fundi wa viti amwache ashone viti. Kama mtoto wangu ataning'inia hewani, ataning'inia kwa uzi wangu.

Nilishona siku tisa. Kazi ya siku mbili, naijua, lakini nilifumua mara tatu. Mara ya kwanza mkono wangu uliacha inchi mbili wenyewe, bila kuniuliza, nikafumua nikicheka na kulia. Mara ya pili mshono ulikuwa mzuri na niliufumua tu kwa woga. Mara ya tatu niliona mishono miwili mikubwa kuliko mingine. Nilikuwa nashona nikimwona Akech akiwa mdogo, anatembea kando ya reli na wewe akihesabu mataruma. Kila inchi nilisema jina lake. Sikuimba.

Luseno alipolivalisha bawa, alilipiga kwa kidole. Lililia kama lile la kulia. Akasema, "Mama, hapa hata mimi sina la kusema." Na Luseno huwa na la kusema kila mahali.

Wakafungua kila kitu, wakapakia kwenye pikapu, mtaa mzima ukatoka kusindikiza. Vijana wako walibeba mabawa kwa mikono miwili kama wanabeba kioo. Mmoja aliniambia, "Shosho, si mzee alisema si mandazi? Sasa imeiva." Nikamwambia hata mandazi yakiungua hayarudishwi unga, kwa hivyo ashike vizuri.

Mkaguzi akaja tena akaangalia, mshono wangu akaupitia kwa tochi. Luseno akairusha mara nne. Siku hizo nilibaki nyumbani nashona, na sikuogopa sana. Mungu anisamehe, Luseno si mtoto wangu.

Ikaja zamu ya Akech, na hapo ukatokea wewe. Ndege uliipima kwa mwili wako, kilo sitini na nane, na Luseno akasema mtu mwepesi sana akikaa pua itainuka yenyewe, haitakuwa sawa. Tukampeleka Akech kwa Teresiah, akapanda mizani ya viazi mbele ya wateja. Teresiah akasoma. "Hamsini na tisa. Huyu mtoto anakula kweli?" Zikapungua kilo tisa. Luseno akasema kazi rahisi, tutajaza mfuko wa mchanga, tuufunge chini ya kiti.

Nikasema mchanga wa nini na mwenye kiti ana vitu vyake.

Nikaenda kwenye kikapu cha vipande nikatoa ule ukanda wa inchi mbili za kukua, nikaushona ukawa mfuko wenye mishipi minne. Nikatia spana zako, moja moja, nyundo yako ndogo, tindo, ile kufuli ya reli uliyopewa siku ya kuagwa kazini, na bolti iliyorudi kutoka kanisani. Teresiah alipima kama anapima dhahabu, akaongeza nati, akatoa nati, mpaka mshale ukasimama kwenye tisa. Kikopo cha mafuta sikukitia. Hicho nimebaki nacho, kina kazi yake Jumamosi.

Na Jumamosi iliyopita tulikwenda.

Walinipa kiti cha plastiki kando ya uwanja. Ilikuwa asubuhi, upepo haujaanza, majani ya Athi yamelala. Akech alinikumbatia akiwa na kofia ile kubwa, ikanigonga paji la uso. Nilitaka kumwambia asipande. Neno lilifika kwenye meno. Nikamwambia, "Kaza mkanda." Nahashon alishika simu kupiga picha, na kwa woga akasahau kuiinua, picha zote ni za majani. Ndiyo, chapa hilo pia.

Ndege ilipiga kelele, ikakimbia, na kabla sijamaliza kusema Bwana uturehemu, magurudumu yaliachana na ardhi.

Wengine wote walikuwa wanamwangalia Akech. Mimi nilikuwa naangalia mshono. Kutoka chini jua lilikuwa linapenya kitambaa, na mshono ulionekana, mstari mweusi mwembamba kutoka mwanzo wa bawa mpaka mwisho. Alizunguka mara tatu juu yetu. Dakika kumi na moja. Nilikuwa nimeshika leso yangu nikaipasua, na sikujua mpaka Luseno aliponionyesha.

Akashuka. Ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikatulia. Watu wakakimbilia kwake. Mimi nilikwenda kwenye bawa la kushoto. Nilipitisha kidole kwenye mshono wote, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama wewe ulivyokuwa ukifanya kwenye kila kitu. Hakuna uzi hata mmoja uliotoka.

Ndipo nilipolia, Baba Akech, na walidhani ni furaha. Ilikuwa furaha, nisikatae. Lakini nililia kwa sababu ungeruka. Ulikuwa na miezi kumi na moja, na mwili wenye kilo zake zote, na asubuhi nyingi kama ile. Mshono wangu ungekubeba. Ungeruka, ungerudi, ungekunywa chai yako isiyo na sukari na kutusumbua na habari zake mpaka tuchoke. Hilo nilikunyima kwa sababu nilikupenda na nilikuwa mwoga, na moja halifuti lingine. Naomba unisamehe. Najua umeshanisamehe, nimesoma daftari. Hata hivyo naomba, kwa mdomo wangu, watu wakisikia.

Akech alitoa ule mfuko chini ya kiti akanipa niushike. Ulikuwa wa moto, sijui kwa injini au kwa jua. Nikaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Nahashon akataka kunisaidia. Nikamwambia aniache, miaka arobaini na mbili nimembeba baba yako na leo ni kilo tisa tu.

Nyumbani nikafungua daftari lako, ukurasa ule wa mwisho. Mwandiko wangu si mzuri kama wako. Niliandika tarehe, nikaandika injini safi, mkia safi, bawa la kulia safi, kama Akech alivyonisomea. Nikaandika, cherehani imetiwa mafuta. Mistari ya mwisho nimekuandikia hapa chini.

Jumapili hii tutamshukuru Mungu kwa ajili yako katika kanisa letu la Kaloleni, baada ya ibada ya pili, na baadaye kutakuwa na chai nyumbani. Teresiah ataleta viazi. Tumemwambia asilete, lakini mnamjua.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, Adongo. Ni binti yako Akech na mwanao Nahashon, anayefuta macho akidhani simwoni. Ni wajukuu wako wanne, dada yako Triza kule Ugenya, rafiki yako Luseno, kwaya ya akina mama, na vijana wa mtaa ambao sasa wananiuliza mimi itaruka tena lini. Siku zote za maisha yetu hatutakusahau.

Bawa la kushoto: safi. Fundi: yuko tayari.

Sindano imepona, Baba Akech.